KAZI ZA NYUMBANI: Namna ya Kutikisa Kopo la Picha

Mwezi huu nilikusudia kuwaandikia habari za kusuka mikeka, lakini imenijia barua ambayo haifai kungoja. Basi mikeka itakuja baadaye.

Barua hii yatoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya kijiji. Mjomba wake alimwachia kamera ya zamani itumiayo filamu, na ingawa siku hizi watu wengi hupiga picha kwa simu, yeye ameipenda kazi ya filamu, naye huosha picha zake mwenyewe usiku, jikoni mwake, watoto wakiisha kulala. Mwaka huu shule yao iliagana na mzee aliyepiga kengele yake tangu wazazi wa wanafunzi wa leo walipokuwa watoto wadogo. Siku hiyo mwalimu alipiga filamu mbili. Majuma matatu baadaye mzee akafariki. Jamaa zake walipotafuta picha yake njema ya kuweka sebuleni, hawakuiona, wakamjia mwalimu.

Mwalimu akaosha filamu ya kwanza, ikaharibika. Akaogopa kuigusa ya pili. Akanunua filamu nyingine ya kujaribia, akapiga wanafunzi wake uwanjani, akaiosha kwa njia iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Nayo ikaharibika kwa namna nyingine. Ameniletea vipande vya zote mbili ndani ya bahasha, pamoja na maneno haya: “Nikiacha kutikisa, yaharibika, nikitikisa, yaharibika. Filamu ya pili ya mzee bado imo katika kikopo chake. Nifanyeje?”

Nilivishika vipande vile kwa ukingo, nikaviinua mbele ya dirisha. Mjue ya kuwa filamu ikiisha kuoshwa huonyesha mambo kwa kinyume: palipokuwa na nuru nyingi huwa peusi, na palipokuwa na kivuli huwa peupe. Filamu hiyo ya kinyume huitwa negativu, na kutoka katika hiyo picha ya karatasi hupatikana.

Katika kipande cha kwanza mzee ameketi kitini, amevaa kanzu nyeupe, na watoto wameketi mkekani mbele yake. Kanzu ni nyeusi katika negativu, kama ipasavyo. Lakini kutoka katika kanzu ile michirizi iliyofifia imeshuka chini, ikapita juu ya nyuso za watoto. Ikichapwa karatasini, michirizi hiyo itaonekana ya giza, kama moshi. Kipande cha pili si hivyo. Kando ya kila tundu katika ukingo wa filamu pana mstari mzito ulioingia ndani ya picha. Tena mashati meupe ya wanafunzi yamekuwa meusi mno katika negativu, hata vifungo na mikunjo haionekani tena.

Nikamwelewa mwalimu. Filamu ya kwanza aliiacha itulie mno. Ya pili aliisukasuka kama maziwa yatakiwayo yawe samli. Yote mawili ni makosa, na njia iliyo kati yao si ngumu. Lakini afadhali kwanza tujue sababu, maana ajuaye sababu hahitaji kukariri kanuni.

KWA NINI TUTIKISE?

Filamu ina utando mwembamba wa gelatini, nayo ni kitu kinachofanana na utomvu uliokauka. Ndani yake mna chembe ndogo sana zenye fedha iliyoungana na bromidi. Nuru ikiingia katika kamera huzigusa chembe hizo, lakini jicho halioni mabadiliko yo yote. Picha imo, nayo imefichika. Dawa ya kwanza, tuiitayo dawa ya kuoshea, ndiyo iitoayo nje: kila chembe iliyoguswa na nuru huigeuza iwe fedha tupu, na fedha hiyo, kwa kuwa imesagika sana, huonekana nyeusi.

Sasa angalieni. Dawa inapofanya kazi hiyo, huchoka. Nguvu yake hupungua, tena chembe huachilia bromidi ndani ya maji, na bromidi huizuia dawa isiendelee upesi. Basi mahali penye kazi nyingi, kama penye kanzu nyeupe au mbingu ya mchana, dawa huchoka mapema sana. Mahali penye kivuli, kama chini ya mwembe, kazi ni kidogo na dawa hubaki na nguvu zake. Filamu ikiachwa imetulia, maji yaliyochoka hukaa pale pale yalipochokea. Tena yale maji yenye bromidi ni mazito kidogo kuliko dawa mpya, kwa hiyo hushuka polepole, na kila yanapopita huichelewesha picha iliyo chini yake. Hiyo ndiyo michirizi iliyotoka katika kanzu ya mzee ikawafikia watoto. Haikuwa uchafu, wala filamu mbovu, wala nuru iliyopenya. Ilikuwa ni dawa iliyochoka, ikitafuta njia ya kushuka.

Kila mama ajua ya kuwa uji usiokorogwa hushika chini ya sufuria huku juu ungali mbichi. Uji ni mmoja na moto ni mmoja, lakini kazi haikugawanyika sawasawa. Kutikisa kopo ni kukoroga uji wa picha: huondoa dawa iliyochoka juu ya filamu na kuleta nyingine mahali pake.

Labda mtu atasema, “Kama ni hivyo, tutikise bila kukoma.” Hapana. Filamu ya kamera ndogo ina matundu katika kingo zake, na dawa ikisukumwa kwa nguvu hupenya katika matundu hayo kama maji ya mto yapitayo kati ya mawe. Karibu na kila tundu dawa mpya hupita mara nyingi kuliko mahali pengine, na hapo pakawa peusi kupita kiasi. Ndiyo ile mistari ya filamu ya pili. Tena dawa isiyopata kuchoka hata kidogo huendelea kukaza palipo na nuru nyingi, hata weupe wa shati ukapoteza mikunjo yake.

Mambo haya ya kipimo yana wazee wake. Mwaka 1890 watu wawili waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya kemikali vya mji wa Widnes huko Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Charles Driffield, walitangaza matokeo ya kupima weusi wa picha. Walionyesha ya kuwa weusi huo haufuati bahati, bali hufuata kiasi cha nuru na kiasi cha kuosha. Kuosha kukizidi, tofauti kati ya weusi na weupe huzidi, kukipungua, hupungua. Na katika kuosha mna mambo matatu: muda, joto, na mtikiso. Muda twaupima kwa saa na joto kwa kipimajoto. Mtikiso hauna chombo cha kuupima ila mkono wako, na ndiyo sababu wengi hukosea hapo.

NAMNA YA KUTIKISA

Nitatumia mfano wa filamu aliyo nayo mwalimu, yaani HP5 Plus ya kampuni ya Ilford ya Uingereza, na dawa ya kuoshea iitwayo ID-11 ya kampuni hiyo hiyo. Dawa hiyo ikitumiwa bila kuzimuliwa, kwa joto la digrii 20 za sentigredi, filamu iliyopigwa kwa kipimo chake cha 400 huoshwa kwa dakika 7 na nusu.

Kwanza, tia dawa ya kutosha. Kwa filamu moja ya kamera ndogo yapata mililita 300, na kwa filamu pana yapata mililita 500. Lakini soma kiasi kilichoandikwa chini ya kopo lako. Dawa ifunike filamu yote, wala usijaze kopo mpaka kifuniko. Pasipo na nafasi ya hewa maji hayasogei hata ukipindua kopo mara mia. Na kama kopo lako lachukua magurudumu mawili ya filamu nawe watia moja, hakikisha halipandi juu ya mhimili wake. Wako waliotoa filamu nusu imeoshwa na nusu haikuguswa, kwa kuwa gurudumu lilipanda wakati wa kupindua lisirudi.

Pili, ukiisha kumimina dawa, funga kifuniko na uanze kuhesabu. Katika sekunde 10 za kwanza pindua kopo mara 4. Kupindua mara moja ni kuligeuza juu chini na kulirudisha. Usiligeuze kama mtu atupaye jiwe. Ligeuze kama mtu afunguaye ukurasa wa kitabu kikubwa, usikie dawa ikishuka upande wa pili, kisha ulirudishe. Kila unapolirudisha lizungushe kidogo mkononi, robo ya mzunguko, ili dawa isiijie filamu kwa njia moja siku zote. Maji yapitayo njia moja huchimba mfereji, na ndani ya kopo ni vivyo hivyo.

Tatu, ukimaliza mara ya nne, ligongegonge kopo juu ya meza mara mbili au tatu. Viputo vya hewa hupenda kushikamana na filamu, na palipo na kiputo dawa haifiki. Katika negativu huonekana tundu jeupe la mviringo, na katika picha ya karatasi doa jeusi, pengine juu ya shavu la mtu. Kugonga kidogo huvitoa.

Nne, liweke kopo chini, uliache. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana mkono usio na kazi huwasha. Liache mpaka dakika ya kwanza itimie, kisha pindua tena mara 4 kwa sekunde 10, gonga, acha. Fanya hivyo mwanzoni mwa kila dakika. Kwa dakika 7 na nusu utakuwa umetikisa mara 8, yaani kupindua mara 32 kwa jumla. Hiyo ndiyo kanuni ya Ilford. Kampuni ya Kodak ya Marekani yafundisha njia nyingine: kupindua mara 5 mpaka 7 kwa sekunde 5, kila nusu dakika. Zote mbili ni njema. Lililo baya ni kutumia hii leo na ile kesho, au kuzichanganya katika filamu moja, kwa maana hapo hutajua kamwe ni nini kilichokuharibia kazi.

Tano, zikibaki sekunde 10 anza kumimina dawa nje, ili dakika 7 na nusu zinapotimia uwe tayari na maji ya kusimamisha, yaani maji yenye asidi kidogo, kali mfano wa siki, yanayoikomesha dawa ya kuoshea mara moja.

Kopo lako likiwa la aina isiyopinduliwa, bali lina kijiti cha kuzungushia gurudumu, kanuni ni ile ile ya wakati. Zungusha kidogo kwenda, kidogo kurudi. Usizungushe upande mmoja tu.

Andika hesabu zako katika daftari: joto, muda, na ulivyotikisa. Nawaomba mfanye hivi hata kama mwaona ni kazi ya kitoto.

HABARI YA JOTO

Wasomaji wetu wa pwani watacheka wakisikia digrii 20, kwa kuwa maji ya bomba lao huwa na joto zaidi ya hilo hata usiku. Joto huiharakisha dawa. Kazi ya dakika 6 kwa digrii 20 yatimia kwa dakika 4 na nusu tu kwa digrii 23, na joto likizidi, muda hupungua zaidi. Hapo mtikiso huwa jambo kubwa kuliko kawaida. Kosa la sekunde 20 katika dakika 13 si kitu. Katika dakika 3 ni pigo. Kwa hiyo epukeni kuosha kwa muda ulio chini ya dakika 5.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, poza maji. Maji yaliyolala usiku katika mtungi wa udongo hupungua joto, na vipande vichache vya barafu vilivyotiwa katika beseni, si katika dawa yenyewe, hufanya yaliyobaki. Liweke kopo ndani ya beseni hilo kati ya mtikiso na mtikiso, na unapolipindua lishike juu na chini kwa vidole, usilikumbatie kwa viganja, maana joto la mwili huingia. Njia ya pili, zimua dawa. ID-11 ikichanganywa sehemu 1 kwa sehemu 1 ya maji, filamu ile ile huoshwa kwa dakika 13 kwa digrii 20. Kazi huenda polepole, nawe wapata nafasi ya kutikisa bila kuhangaika. Dawa iliyozimuliwa hivyo hutumika mara moja tu, kisha humwagwa.

Msomaji mmoja aweza kuuliza, “Mbona nasikia wako mafundi wasiotikisa kabisa?” Ni kweli. Huchukua dawa kama Rodinal, iliyotoka Ujerumani mwaka 1891, wakaizimua sehemu 1 kwa 100 za maji, wakaiacha filamu humo kwa saa nzima, labda na mtikiso wa mwanzo tu. Hutaka dawa ichoke mapema penye nuru kali na kuendelea kufanya kazi vivulini, ili vyote viwili vionekane. Wakati mwingine hupata picha nzuri sana. Wakati mwingine hupata michirizi ile ile ya kanzu. Ni njia ya mtu mwenye filamu za kuchezea. Kwa picha isiyo na ya pili yake, siishauri.

DAWA ZA NYUMA

Baada ya maji ya kusimamisha hufuata dawa ya kukazia, iondoayo chembe ambazo hazikuguswa na nuru, ili picha isigeuke tena. Huko nako tikisa, lakini msiogope sana: kazi ya dawa hiyo ni kumaliza kabisa, kwa hiyo mtikiso wa kupita kiasi haudhuru picha. Mwisho ni kusafisha kwa maji. Wengi huacha bomba wazi nusu saa, na nyumba nyingi hazina maji ya kuchezea hivyo. Ikiwa dawa ya kukazia si ile inayogandisha gelatini, fanya hivi: tia maji safi, pindua mara 5, mwaga, tia mengine, pindua mara 10, mwaga, tia ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Maji ya makopo matatu yatosha, mradi joto lake lisitofautiane sana na lile la dawa.

Na neno moja kwa ajili ya watu wa nyumbani. Vyombo vya dawa visirudi kupikia wala kunywea kamwe, hata vikioshwa. Viandikeni majina, viwekeni juu, mbali na watoto. Tena mvae glavu, kwa maana katika ID-11 mna metoli, nayo huwawasha watu wengine ngozi.

KWA NDUGU MWALIMU

Sasa nakujibu wewe, ndugu mwalimu. Michirizi ya filamu ya kwanza haitoki. Hakuna dawa ya kuiondoa, na mtu akikuambia anayo, usimpe negativu zako. Mchapaji stadi aweza kuipunguza giza wakati wa kuchapa, na kompyuta nayo yaweza kusaidia kidogo. Zitunze hata hivyo, maana uso wa mzee wenyewe ni mzima.

Filamu ya pili usiioshe juma hili. Filamu iliyokwisha kupigwa huvumilia miezi kadhaa ikiwekwa mahali pakavu penye baridi. Usiiache tu ikapita mwaka. Chukua kile kipande kilichoharibika, kitie katika gurudumu, jaza maji mililita 300, ukafanye mazoezi mchana, kifuniko kikiwa wazi kwanza ili uone maji yaendavyo unapoinamisha kopo, kisha kikiwa kimefungwa. Fanya dakika 7 na nusu zote, pamoja na zile sekunde 50 za kuacha. Rudia mpaka mkono usitafute cha kufanya.

Kisha nunua filamu moja ya aina ile ile. Mwombe mtu mmoja avae kanzu nyeupe, aketi kitini mahali pale pale saa ile ile, na watoto mkekani mbele yake. Piga, uoshe kwa kanuni hii, utazame mbele ya dirisha. Ikiwa kanzu ina mikunjo yake na nyuso za watoto ni safi, basi usiku unaofuata, kwa dawa mpya ya kifurushi kile kile, kwa joto lile lile, na kwa kupindua kule kule, osha filamu ya mzee. Usiongeze cho chote kwa ajili ya mapenzi, wala usipunguze cho chote kwa ajili ya hofu. Hapo mikono itatetemeka, najua, nami yangu ilitetemeka niliposhika filamu yenye picha za mwisho za mama yangu. Tazama saa, usitazame kopo.

Zile za mama yangu zilitoka njema, isipokuwa moja yenye doa jeusi shavuni, kwa kuwa nilisahau kugonga kopo mezani. Majuto ni mjukuu. Nimeiweka ukutani hivyo hivyo, na kila niendapo kuosha filamu huitazama kwanza.

Tuandikie, mwalimu, utuambie ilivyokuwa. Nanyi wasomaji wengine mlio na maswali ya kazi hii, leteni, pamoja na kipande cha negativu kama mwaweza, maana mara nyingi kipande husema zaidi ya barua. Mwezi ujao, mikeka.

Wasalaam.